Ukuta Usiofika Darini

Saa tatu asubuhi, Mama Legeza anawasha redio kabla hajamsalimia mgonjwa. Anaipandisha sauti, anaiweka juu ya kabati karibu na mlango, ndipo anageuka. "Karibu, mwanangu. Sasa tunaweza kuongea."

Redio hiyo si ya starehe. Chumba chake, mwisho wa korido ya kliniki, kimetenganishwa na benchi la wagonjwa kwa ubao wa plaiwudi usiofika darini. Huku kuna kitanda chembamba, shuka safi, feni na mchoro wa nyonga ya mwanamke. Kule wanakaa waliovunjika miguu, na leo wamo pia mume wa mgonjwa na dada mkubwa wa mume huyo.

Dada huyo amekuja kamili. "Leo tunataka jibu," amemwambia Mama Legeza mlangoni. "Miaka miwili ya ndoa, mdogo wangu analala kama mpangaji nyumbani kwake. Kama anaumwa atibiwe. Kama hataki, aseme, arudi kwao."

"Jibu analo mwenye mwili wake," amejibiwa, na mlango ukafungwa.

Mama Legeza ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa magoti na migongo, na jina alibandikwa na wenzake kwa utani, kwa kuwa neno "legeza" halimtoki mdomoni. Wanawake walianza kuja wakilalamikia mgongo. Akiwapima, mgongo mzima. Akiwauliza kuhusu nyumbani, machozi.

"Nani atapanga foleni aseme tendo la ndoa linamuuma, au kwamba hamu imekwisha?" anauliza. "Anasema mgongo. Mimi nasubiri."

Sababu anazokutana nazo ni nyingi: uzazi uliochosha, ukavu, dawa za ugonjwa mwingine, woga, ugomvi wa nyumbani, kumbukumbu ya kutendewa ubaya. Kwa hiyo hamgusi mtu kabla daktari hajampima.

Mgonjwa wa leo ni fundi cherehani, mwembamba, mikono haitulii. Amekubali nikae pembeni humu chumbani na kukiandika kisa chake. Daktari hakukuta kidonda wala maambukizi. Lakini kila wakijaribu na mumewe, misuli ya chini ya nyonga inajifunga yenyewe na maumivu yanamkata pumzi.

"Umekuwa ukifanya nini kujitibu?" anaulizwa.

Uso unamchangamka. Kuna mama mmoja anafundisha kwenye simu, anasema, kwamba mke akikaza misuli ile kila siku, mume hatatoka nje. "Basi nikikanyaga cherehani, nakaza. Nikipiga pasi, nakaza. Asubuhi mpaka jioni, mama, sijategea hata siku moja!"

Mama Legeza anafumba macho. Mtu angecheka kama si huruma. Binti wa watu amejitesa kwa bidii zote, na bidii hiyo imemzidishia maumivu.

"Kunja ngumi," anamwambia. "Kaza zaidi. Haya, pokea kikombe hiki bila kuifungua."

Fundi anajaribu. Kikombe kinateleza, Mama Legeza anakidaka.

"Mkono wako si mbovu, umekunjwa tu. Zoezi lile linamfaa ambaye misuli yake imelegea, labda baada ya kujifungua. Wewe yako haijapumzika tangu uolewe. Lala, vuta pumzi mpaka tumboni, kisha itoe taratibu. Legeza."

Fundi anafumba macho, anapumua. Mabega yanashuka kidogo, na maneno yanaanza kumtoka.

Hapo umeme unakatika. Feni inapunguza mwendo, redio inanyamaza. Fundi hana habari.

"Nampenda, mama. Akichelewa kurudi, roho inakuwa juu. Lakini nikisikia amezima taa tu, mwili wote unafunga. Basi najifanya nimelala. Miaka miwili, kila siku, najifanya nimelala."

Mkono wa Mama Legeza umeinuka kumzuia, lakini umechelewa. Nyuma ya ubao hakuna hata anayekohoa. Fundi anafumbua macho, anaitazama redio, anajifunika uso kwa shuka.

"Wamesikia?"

Jibu linakuja kutoka kwenye benchi. "Umejionea!" Ni sauti ya wifi yake. "Anajifanya! Nilikwambia mimi!"

Viatu vinaburutwa sakafuni. Mama Legeza anasimama kati ya kitanda na mlango, ameshika kitasa.

"Dada," mume anasema, "nenda nyumbani."

"Mimi? Nimeacha shughuli zangu kwa ajili yako!"

"Nakuomba, dada. Nenda."

Hatua za dada zinapotelea koridoni. Kisha hodi, ndogo sana.

"Aingie, asiingie?" Mama Legeza anamnong'oneza fundi. "Ukikataa, atakaa hukohuko."

Fundi anakawia. Nami natamani kutoka, lakini hakuna mlango mwingine. Hatimaye anatikisa kichwa kukubali.

Mume anaingia, anasimama na mgongo wake umegusa ubao. Anatazama sakafu. "Mimi pia huwa silali," anamwambia mkewe. "Nalala chali nakusikiliza unavyopumua. Nikadhani umenichoka."

Fundi anashusha shuka usoni, polepole.

Masharti wanapewa wote wawili: wasijaribu tena mpaka mke mwenyewe aseme. Kwanza pumzi, kisha atajifunza kulegeza kwa mkono wake mwenyewe, kwa mwendo wake. Akiwa na hofu, wanaacha.

"Na nikitaka kumshika mkono?" mume anauliza.

"Muulize mwenye mkono."

Anauliza, na anapewa.

Wameondoka, lakini Mama Legeza hatabasamu. Anaupiga ubao kofi, wote unatikisika. "Leo tumebahatika. Mume mwingine angeingia na ngumi. Kuna mwanamke alikuwa anaongea hapa, mtu akacheka huko kwenye benchi. Sijamwona tena, na ninamuwaza."

Aliwaomba wakubwa wa kliniki matofali, akaambiwa asubiri. Sasa amepata kibali cha kujenga mwenyewe, na mwashi aliyemtibu goti ameahidi kuja Jumamosi. Anataka ukuta ufike darini, na mlango wenye komeo la ndani ambalo mgonjwa atalifunga kwa mkono wake.

"Huyu binti hakumchagua aliyemsikia," anasema. "Anayekuja baada yake, nataka achague."

Anafungua droo, anatoa betri, anazitia kwenye redio. Kwenye benchi kuna mwanamke mwingine amefika, anasema anaumwa mgongo.