Mlango Uliofunguliwa kwa Mkono

Jirani yangu wa mlango wa pili, kazini wanamwita Dada Ramani. Usidhani anapima viwanja. Yeye huandika maelezo ya kompyuta za kukodi zilizo mbali, zile ambazo watu husema ziko winguni. Ndani ya faili anaandika: nataka seva tatu, ghala la kumbukumbu, mlango huu wa kupitishia taarifa uwe wazi, ule ufungwe. Mtambo unaisoma faili na kusimamisha vyote kama ilivyoandikwa. Faili hiyo wanaiita kiolezo. Kwa kiolezo chake, zahanati kumi na moja hutumiana majibu ya vipimo vya damu.

Ofisini kwao wana desturi. Mtu hapewi likizo mpaka mwenzake achukue kiolezo chake, aende mahali patupu huko winguni, asimamishe kila kitu upya. Mwenye kazi anakaa pembeni, hasemi neno, hagusi kitu. Kikisimama, safari njema. Kikigoma, likizo inangoja.

"Tunapima maandishi, hatupimi kichwa chako," husema Mzee Waya, aliyekuwa fundi umeme kabla ya kuhamia kwenye kompyuta.

Siku ninayoisimulia, baba yake Dada Ramani, mwashi mstaafu, alitakiwa afike hospitali kabla ya saa kumi na mbili jioni, kesho yake apasuliwe macho. Haoni njia tena, na mtu wa kumshika mkono ni binti huyo tu. Basi la kwanza saa nne asubuhi, la mwisho saa nane mchana. Mkoba ulikuwa tayari chini ya meza.

Mzee Waya alianza saa mbili. Seva zikasimama. Ghala likasimama.

"Naona umeshaanza kunusa basi," alimtania.

Likabaki jaribio la mwisho, kutuma majibu ya mfano kutoka kila zahanati. Kumi yakaingia. La kumi na moja likagoma.

"Ajabu. Kwenye mtambo wa kazi wa kila siku zahanati hii inaingia," mzee alisema. "Hapa mlango wake haupo." Akanyanyuka kwenda kuchukua chai.

Dada Ramani alijua. Miezi mitatu nyuma, zahanati ile ilibadilisha mtandao, majibu ya mama mjamzito yakakwama. Kwa haraka aliufungua mlango kwa mkono, bila kupitia kwenye kiolezo, akajiambia ataandika kesho. Kesho ikapita, na nyingine zikapita nayo.

Sasa kompyuta ya mzee ilikuwa wazi mbele yake. Abonyeze mara mbili tu, mlango ungefunguka na hapa, na basi la saa nne lingemkuta kituoni. Vidole vikafika kwenye kibodi. Kisha akawaza: siku atakapokuwa hayupo, mtu atatumia kiolezo kwenye mtambo wa kazi, mlango usioandikwa utajifunga, na majibu ya mjamzito mwingine yatakwama. Akarudisha mkono mapajani.

"Usiutafute, mzee," alisema chai ilipofika. "Niliufungua kwa mkono. Sikuuandika."

"Mkono huo ungekuwa wa fundi umeme, ungeshaungua. Andika. Halafu tunabomoa, tunaanza mwanzo."

"Si tuongeze huo mmoja tu?"

"Shati halifuliwi kola peke yake, dada."

Saa nne ikapita. Saa sita na nusu, majibu ya zahanati ya kumi na moja yakaingia. Mzee Waya akausukuma mkoba kwa mguu.

"Nenda. Ukibaki utatafuta cha kugusa."

Alimkuta baba yake mlangoni, amevaa koti tangu asubuhi.

"Nilidhani wingu limekumeza."

Kwa basi la mwisho walifika hospitali zikiwa zimesalia dakika kumi. Kwenye benchi akamweleza baba kilichomchelewesha. Baba akapapasa ukingo wa benchi.

"Una kalamu?"

"Ninayo, baba."

"Andika. Bomba la maji pale nyumbani halipiti walipochora. Kulikuwa na mwamba, nikalipindisha. Kutoka kizingiti cha jikoni hesabu hatua mbili, kisha kushoto. Mama yako ndiye aliyejua, na yeye hayupo."

Akaandika nyuma ya tiketi ya basi. Muuguzi akaja na kiti cha magurudumu.

"Twende, mzee."

"Subiri kidogo, mwanangu," baba alimwambia muuguzi. "Umebaki ukuta mmoja hatujauandika."

Muuguzi akatazama saa yake, akaketi nao.