Pikipiki Niliyoifungua Jikoni

Pikipiki ile niliipata Mlowo, kwa bwana shamba mmoja wa zamani aliyezunguka mashamba ya kahawa mpaka macho yakamwishia. Ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma ya nyumba yake, na kuku walikuwa wanatagia chini ya tangi. Miaka hiyo ni ile ya baada ya vita vya Kagera. Dukani hakuna sukari, hakuna sabuni, siku nyingine hata chumvi hakuna, na mtu mwenye baiskeli yenye tairi mbili nzima alikuwa mtu wa kusalimiwa kwanza. Mimi nikataka pikipiki. Ningeweza kujisafisha hapa niseme nilitaka kubebea wagonjwa, lakini nilitaka tu nipite barabarani watu wageuke.

Nilimpa ng'ombe. Ndiyo, ng'ombe jike, wa maziwa, naye akanipa ile pikipiki pamoja na nusu gunia la vipande vilivyokuwa vimedondoka. Akaniambia, "Kijana, hii inawaka. Ilizimika tu." Neno lile nimelifikiria sana baadaye, maana hata wote tuliowazika walizimika tu.

Mke wangu alikuwa shambani. Aliporudi jioni akaona kamba imelala chini, akaniuliza ng'ombe yuko wapi. Nikamwonyesha pikipiki. Akaizunguka polepole, akainama akaangalia chini ya injini.

"Hii inakamuliwa wapi?" akasema.

Akaokota ile kamba akaitundika, akaenda kuwasha moto, na habari ya ng'ombe haikutajwa tena. Mimi nikadhani amekubali. Wanaume wengi tumepotea hapo.

Mvua zilikuwa hazijakatika. Nyumba kubwa ilikuwa na vyumba viwili tu, kimoja cha watoto wetu watatu na mahindi. Pakavu palipobaki ni jikoni, kile kibanda cha peke yake chenye moto kutwa. Kwetu jiko ni la mwanamke. Mwanaume akionekana anaingia na kutoka humo, watu humuuliza kama leo anapika yeye. Mimi niliingiza pikipiki nzima, nikaifungua humo humo, nati nikaziweka kwenye ungo wake, oili ikamwagika sakafuni, na yeye akawa anapikia kwenye pembe iliyobaki, mgongo umegusa ukuta. Mboga zikawa zinanuka petroli. Bado alinyamaza.

Kuhusu kusoma, niseme mapema kwamba shule nilikwenda miaka miwili tu. Kusoma kwenyewe nilikupata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, chini ya paa la stoo ya kijiji. Tulipewa madaftari yenye jalada gumu zuri. Injini ilipohitaji gasketi nikakata lile jalada, nikalipima kwa mdomo wa silinda, likakaa sawasawa. Mwalimu aliponiuliza jalada liko wapi nikamwambia liko kwenye injini. Akaandika kwamba sikuhudhuria.

Ringi za pistoni nilizifuata ng'ambo, Nakonde. Kutoka Tunduma ni kuvuka tu, ukitembea kama mtu anayekwenda kwa shangazi yake. Yule Mzambia wa duka la spea alizipima ringi kwa kuzivisha kidole gumba, akasema, "Ni zenyewe, mukwai," kwa lile neno lao la heshima, na kweli zilikuwa zenyewe. Nikarudi, nikafunga kila kitu, nikakanyaga kiki. Ikapiga chafya moja, kiki ikarudi ikanigonga ugoko, basi. Nikakanyaga siku tatu mpaka goti likavimba.

Nikajiambia, ni uchafu. Nikaifungua upya ili niioshe.

Sasa hapa kuna sabuni. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na upele, na mganga wa zahanati alisema nguo zake zifuliwe kwa sabuni kila siku. Mke wangu alikwenda kupanga foleni duka la kijiji tangu alfajiri, mtoto mgongoni, akatoka saa saba mchana, ameshika nusu mche. Akaifunga kwenye nailoni, akaichomeka juu kwenye mbao za dari. Mimi niliiona. Siwezi kusema sikuiona. Nikaishusha, nikaoshea silinda, pistoni, kabureta na mnyororo, na vikang'aa kiasi kwamba ungeweza kulia ugali ndani yake. Nilipomaliza, mkononi kilibaki kipande kama ukucha.

Alinikuta navianika juani. Hakupandisha sauti.

"Ng'ombe nilinyamaza," akasema. "Jiko nilinyamaza. Sabuni ya mtoto sinyamazi, baba watoto."

Akachukua watoto wote watatu, akaenda kwao. Kwao ni ng'ambo ya barabara kuu, ukielekea upande wa Tunduma, nusu siku kwa miguu.

Wiki mbili nilikula viazi vya kuchemsha, asubuhi na jioni. Balozi wa nyumba kumi akapita na daftari lake, akachungulia jikoni, akachungulia nyumbani.

"Ndugu, hapa nimeandika watu watano," akasema. "Sasa nisahihishe vipi? Mmoja na pikipiki?"

"Andika watano, balozi. Wanarudi."

"Nani kakwambia?"

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Hilo ndilo lililonitoa. Nikavuka tena Nakonde, nikapata miche miwili ya sabuni, nikaipeleka ukweni. Baba mkwe akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka kando ya kiti chake.

"Sabuni tumepokea," akasema. "Lakini huyu binti hatukumwoza kwa sabuni."

"Ndiyo, baba."

"Na injini?"

Nikamweleza. Yeye alifanya kazi karakana ya mgodi wa shaba huko Kopabelti, Zambia, miaka mingi kabla ya kurudi kulima kahawa, na nilipotaja ile chafya moja niliona mdomo wake unacheza.

"Lete hicho chuma hapa," akasema. "Kikiwaka tutazungumza. Kisipowaka utakiuza kwa wanaoyeyusha vyuma watengeneze sufuria, halafu tutazungumza. Ila jikoni kwa binti yangu hakirudi."

Nikaifunga ovyo ovyo ili magurudumu yazunguke, nikaisukuma nusu siku hiyo. Kwenye barabara kuu malori ya Zambia yalikuwa yamepanga foleni, na utingo mmoja akaniita kutoka juu ya mzigo, "Baba, kati yenu wawili, nani kampa mwenzake lifti?" Nikamjibu tunapokezana, sasa hivi ni zamu yangu. Alicheka akataka kuanguka.

Tatizo la kule ukweni lilikuwa mama mkwe. Kwetu wakati ule mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Akija njiani, wewe unaingia porini. Miaka minane nilikuwa nimemwoa binti yake, na sura ya mama yule ningeulizwa nisingeweza kuieleza. Sasa mimi natakiwa kukaa kutwa uani kwake, na uani ndiko anakotwanga, anakoanika na anakopita kwenda kisimani. Baba mkwe akatundika jamvi uani, jiko likabaki upande wa mama, kinu upande wangu, halafu akanikalisha nitazame mikahawa ya shambani kwake, mgongo kwenye nyumba. Siku tatu niliangalia mikahawa. Nikisikia miguu nyuma yangu nainamisha kichwa. Chakula kililetwa na mke wangu, anakiweka nyuma yangu na kuondoka bila neno, na mimi nageuka baada ya kuhesabu hatua zake.

Baba mkwe alikuwa anajua ubaya wa injini tangu asubuhi ya kwanza. Najua alijua, kwa sababu aliitoa pistoni, akaitazama, akairudisha kwangu.

"Sikuambii," akasema. "Kaa nayo."

"Baba, nimekaa nayo miezi miwili."

"Ulikaa nayo ukiiosha. Sasa kaa ukiiangalia."

Siku ya tatu, kabla ya mchana, ndipo nilipoiona. Juu ya pistoni pana alama ndogo ya mshale. Mimi niliiona tangu mwanzo, tena nilijivuna kwamba nimeiona. Nilidhani mshale unaonyesha mafuta yanakoingilia, kwa hiyo niliuelekeza nyuma kwenye kabureta. Kumbe unaelekea mbele, kwenye ekzosi. Pistoni ilikuwa imekaa kinyumenyume muda wote, safi kabisa, imeoshwa kwa sabuni ya mtoto. Nikamwambia baba mkwe. Akasema, "Ee mukwai," tu, akaenda kuleta petroli aliyokuwa ameiweka kwenye chupa.

Tukafunga. Nikakanyaga mara ya kwanza, mara ya pili, ya tatu ikawaka. Moshi ukajaa uani, kuku wakatawanyika, watoto wangu wakakimbilia kwenye kihenge kisha wakarudi. Niliiacha iungurume kidogo, nikaizima. Nikapangusa mikono, nikapiga goti mbele ya baba mkwe nikiwa bado nimewapa mgongo wengine.

"Baba, imewaka. Sasa naomba nimchukue mwenzangu turudi nyumbani."

Yeye akatazama kiko chake. Nikangoja. Ndipo nikasikia sauti kutoka nyuma ya jamvi, sauti ya mwanamke mtu mzima, na haikuwa inasema na mimi. Ilikuwa inasema na jogoo.

"Wewe jogoo," ikasema, "kwenu nyinyi watu wa namna gani? Mtu anakuja na sabuni. Anarudi na chuma. Anakaa siku tatu anakula ugali wetu. Hata siku moja hajafungua mdomo aseme amekosa. Kwenu hamkufundishwa, jogoo?"

Ni kweli. Nilikuwa nimesukuma ile mashine nusu siku nzima, nikavuka mpaka, nikaomba, nikapiga magoti, na neno lenyewe sikuwa nimelisema kwa mtu yeyote. Hata halikunijia. Nilifikiri kesi ni injini.

Baba mkwe akasema chinichini, "Mjibu jogoo."

Kumjibu mama mkwe moja kwa moja nisingeweza, wala yeye asingetaka. Nikageuza uso kidogo upande aliko yule jogoo. Alikuwa juu ya kinu, ananitazama kwa jicho moja.

"Jogoo," nikasema, "nimekosa. Ng'ombe nilimtoa bila kumwuliza mwenye kumkamua. Jiko nililichukua bila kumwuliza mwenye kupikia humo. Sabuni niliiona, nikajua ni ya nani, nikaichukua. Sina la kuongeza."

Mtoto mmoja akaanza kucheka akanyamazishwa. Kisha nikasikia sauti ya mke wangu, kwa mara ya kwanza tangu anitoke.

"Jogoo amesikia," akasema. "Mimi nitasikia Jumamosi. Wewe tangulia."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nikarudi nimeipanda, na niseme kweli, barabarani waliogeuka walikuwa wachache, na mimi sikuwa na hamu ya kuwatazama.

Siku zile tatu nilizitumia jikoni. Pikipiki niliijengea kibanda cha mabua nyuma ya nyumba. Sakafu ilikuwa imelowa oili, nikaichimba kwa jembe mpaka nikafika udongo usionuka, nikabeba kila kitu nje. Nikaomba mavi ya ng'ombe kwa jirani, maana mimi sikuwa na ng'ombe, nikachanganya na udongo nikasiriba. Kusiriba kwetu ni kazi ya wanawake. Wanawake wawili waliokuwa wanapita na kuni walisimama mlangoni wakaniangalia mpaka nikamaliza upande mmoja. Mmoja akamwambia mwenzake, "Tumwache, dada. Anajua anachotafuta."

Jumamosi alifika kama saa tano, mtoto mgongoni, wengine wawili mbele. Alipita mbele ya kibanda cha mabua bila kugeuza shingo, akaingia jikoni moja kwa moja. Mimi nikabaki nje, nimeshika ungo wake niliokuwa nimeusugua kwa mchanga. Akakaa humo muda mrefu.

"Baba watoto."

"Naam."

"Hii sakafu umeisiriba wewe?"

"Mimi."

"Mabonde yote haya. Chungu kitakaa wapi?"

"Pale karibu na mafiga nimejitahidi."

"Pale ndipo pabaya zaidi." Akatoka, akamshusha mtoto mgongoni akanipa nimshike, akakunja kanga yake. "Lete maji," akasema. "Na udongo mwingine, laini, si huu wa kujengea choo."

Nikaenda kuleta.