Uza Mpaka Uchoke

Mwanaheri alikuja Kasulu kuolewa, akaja na sanduku la khanga, chuma cha chapati na Kiswahili cha Pangani. Khanga zilichakaa, chuma kikatoboka, Kiswahili kikabaki vilevile, maana alikilinda kama wengine wanavyolinda shamba la mpakani. Miaka yote aliyokaa katika nchi ya Waha hajawahi kumsikia mtu akikosea akamwacha apite. Mwenye genge akimwambia muhogo hii ni tamu, yeye humjibu kwamba ni muhogo huu, tena ni mtamu, ndipo auonje kama ni mtamu kweli. Watoto wa shule walijifunza kupita upande wa pili wa barabara. Si kwamba ana roho mbaya. Ana ulimi tu, na ulimi ule haujui kupumzika.

Mumewe, marehemu Hamis, alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko. Alipofariki, duka nalo likaanza kuugua. Mitumba ilikuwa imejaa mji mzima, na nani anunue kitambaa akashone wakati shati tayari linaning'inia pale kwenye kamba? Mwanaheri alifunga duka, akakaa nyumbani akiwaza. Basi masika moja mtaro wa sokoni ukaziba, maji yakaingia mpaka sebuleni kwake. Alisubiri mtu wa kuuzibua, mtu hakuja. Akavaa mabuti ya marehemu, akaingia mtaroni mwenyewe na reki, akitukana kwa Kiswahili safi kabisa. Alichotoa mle kilikuwa chupa, madumu, ndoo zilizopasuka na mabeseni, akavirundika mbele ya mlango ili majirani waone aibu yao. Majirani hawakuona aibu yoyote. Ila mpita njia mmoja kutoka Kibondo alisimama, akauliza kama mzigo ule una mwenyewe, maana Mwanza wanauhitaji.

Hivyo ndivyo alivyoanza. Walimwita Mama Takataka, naye akawajibu kwamba takataka wanazitupa wao, yeye anaokota mali. Leo ana uwanja wenye uzio wa mabanzi, na wanawake kadhaa wanaoketi chini ya turubai kuchambua. Mkubwa wao ni Winifrida, Muha wa Heru Juu, mpole, mchache wa maneno, ambaye kwa hiyo hasahihishwi sana. Chupa za maji zinakaa peke yake, vifuniko peke yake, na plastiki ngumu inagongwa na msumari kwanza. Ikilia, nzima. Ikitoa sauti butu na kumeguka, imekufa, jua limeiua, na kiwandani hawaitaki. Mwanaheri anaipenda kazi hiyo kuliko alivyowahi kulipenda duka. Kitambaa, husema, ukikiuza umemaliza, lakini beseni bovu linarudi duniani likiwa beseni.

Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, karibu na Makere, ndiyo iliyompa mzigo wa maana. Watu wengi wakikaa mahali pamoja, madumu hayakosekani. Huko alimpata Apoline, mjane kijana kutoka upande wa Bukavu, mwenye mwendo wa haraka na kicheko cha karibu. Kutoka kambini ovyo hairuhusiwi, kwa hiyo Apoline alikuwa akiokota ndani, katika zoni yake, yaani sehemu yake ya kambi, na kurundika kwenye kibanda karibu na geti, na Mwanaheri akija na kibali chake wanapakia. Kiswahili cha Apoline kilimtoa Mwanaheri jasho. Hakikuwa na ngeli, kilikuwa na Kifaransa ndani yake kama mawe kwenye maharage. Lakini kazi yao ilikuwa kuokota na kupakia, na kwa kuokota na kupakia walielewana vizuri tu.

Mwaka huu mnunuzi wa Mwanza akatoa neno. Lori lake litakuja mpaka Kibondo, na nusu ya bodi itajazwa hukohuko. Kama Mwanaheri ataweza kujaza nusu iliyobaki, basi lori litashuka Makere na Kasulu, na kuanzia hapo litakuja kila msimu. Asipoweza, lisitarajiwe tena, kwa sababu mafuta hayanywewi bure. Mwanaheri aliapa kwamba ataweza. Kasulu peke yake isingetosha, hilo alilijua. Tegemeo lake lilikuwa Apoline, akamwambia ajitahidi kwa kila njia, lori linafika Jumamosi.

Jumatatu mchana ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kambini. Mwanaheri aliufungulia sauti simu ikiwa katikati ya wanawake, kila mtu asikie habari njema.

"Mama Mwanaheri, nilisha uza plastiki yote ya huku," ilisema sauti ya Apoline, yenye furaha tele. "Ata kopo moja haikubakia."

Mwanaheri akarudia ujumbe mara ya pili, na ya tatu, na kila mara plastiki yote ilikuwa imeuzwa. Imeuzwa kwa nani? Alijua wapo wanunuzi wengine wanaozungukazunguka Makere. Kumbe mtoto yule, ambaye yeye alimpelekea sabuni na sukari na kumwita mwanangu, amemgeuka wiki hiihii, tena anamtangazia huku anacheka. Iliuma. Afadhali angeibiwa na asiyemjua.

Winifrida alisema taratibu kwamba Wakongo wana maneno yao, pengine wampigie wamuulize vizuri. Mwanaheri akamgeukia. Yeye aulize maana ya neno kuuza? Yeye, ambaye hata ndotoni anaota kwa Kiswahili? Winifrida akarudi kwenye vifuniko vyake.

Mwanaheri akabonyeza simu, akairekodi hasira yake yote kwa sauti ya chini yenye sukari, ile ambayo watu wa pwani huitumia wanapotaka kuchoma mpaka ndani.

"Vizuri sana, mwanangu. Endelea. Uza, tena uza mpaka uchoke. Hata za zoni za wenzako, zichukue uuze."

Kisha akaifungia namba ya Apoline asiweze kumpigia wala kumwandikia, akaona amemkomesha.

Wiki ile ilikuwa ya mateso. Alizunguka mtaa wa Murubona nyumba kwa nyumba, akaomba madumu mabovu kwenye magereji, akagombana na mama mmoja aliyegoma kutoa ndoo isiyo na kitako kwa sababu anaoteshea vitunguu. Wanawake wake walichambua mpaka vidole vikachubuka, bila kuambiwa, kwa sababu nao walijua lori lisipokuja tena turubai lile litakunjwa. Hata hivyo mpaka Ijumaa mzigo ulikuwa wa kujaza kona tu ya bodi. Jumamosi asubuhi Mwanaheri alimpigia Pasikali, dereva wa lori, aliyekwisha kupakia Kibondo. Akamwambia asishuke, mzigo hakuna. Pasikali alijibu sawa Mama, akageuza pua ya gari kuelekea Kakonko.

Hapo sasa alibaki na jambo moja tu duniani, nalo lilikuwa kumtolea Apoline uvivu uso kwa uso. Akakodi bodaboda. Njia nzima mpaka Makere alikuwa akipanga maneno, akiyachagua makali na kuyatupa yaliyo butu, na vumbi jekundu likimwingia kinywani maana hakuweza kukifunga.

Alipofika getini, maneno yote yakampotea. Kibanda kilikuwa hakionekani. Mahali pake palisimama kilima cha viroba, vimefungwa, vimepangwa, na pembeni kilima kingine cha madumu yaliyopondwa, mabeseni yaliyokatwakatwa kwa panga, chupa zilizovuliwa karatasi zake. Wanawake wa kambini walikuwa wamekaa juu wakipumzika. Apoline akashuka mbio, mikono imemkauka, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akamkumbatia kabla Mwanaheri hajapata hata sentensi moja.

Akaanza kueleza kwa haraka zake. Alivyookota mwanzoni akaona havitoshi. Alivyoamua kuwatafuta wanawake wengine waliokuwa na madumu majumbani, akawapa sabuni na chumvi wampe plastiki. Alivyotuma ujumbe, na jibu la Mama lilivyokuja.

"Ile sauti yako ilinipa nguvu, Mama," alisema. "Huku hakuna mutu alishaniambia niendelee. Wote wananiambia nikae, ningoje. Weye ulisema nisichoke. Basi nilienda ku zoni zingine vile ulisema. Sabuni iliisha, niliuzisha kitenge yangu ya Noeli, nikauza tena plastiki."

Mwanaheri alisimama pale na mkoba wake mkononi. Aliuzisha kitenge, akauza plastiki. Kitenge kimekwenda, plastiki imekuja. Akalipitisha neno lile kichwani upande huu, akalipitisha upande ule. Kwa mtoto huyu kuuza ndiko kununua. Ujumbe wa Jumatatu ulikuwa unamwambia nimenunua yote, halijabaki kopo. Naye, bingwa wa Kiswahili, amemjibu kwa kejeli anunue mpaka achoke, na mwenzake akaipokea kejeli kama baraka, akafanya kazi mpaka akachoka kweli. Na lori liko njiani kwenda Mwanza.

Alitafuta mtandao kwenye geti, haupo. Akapanda kichuguu, upo kidogo. Simu ya Pasikali iliita ikakatika, ikaita ikakatika. Alipopokea alikuwa Kakonko, anakula, anajiandaa kuondoka. Mwanaheri akamwambia mzigo upo, tena wa kumwaga, ageuze. Pasikali alisikitika. Alisema asubuhi ameambiwa hakuna, sasa ameambiwa upo, na bosi wake atamuuliza mafuta ya kurudi yote yale yamechomwa kwa sababu gani. Anataka sababu ya kumpa.

Mwanaheri alikuwa na sababu nyingi tayari mdomoni. Angeweza kusingizia mvua, au kibali, au hata Apoline mwenyewe, na nani angemuuliza mkimbizi? Akatazama chini ya kichuguu. Apoline alikuwa akihesabia wenzake kwa vidole jinsi lori litakavyokuja kila msimu.

"Nimekosea Kiswahili," alisema Mwanaheri.

Pasikali ni mtu ambaye Mwanaheri amemsahihisha tangu siku walipofahamiana. Hajawahi kusema gari imefika bila kuambiwa ni limefika.

"Mtandao unakata, Mama. Rudia."

Mtandao ulikuwa haukati, na Mwanaheri alijua. Akarudia kwa sauti iliyosikika mpaka kwa walinzi wa geti kwamba yeye Mwanaheri, mzaliwa wa Pangani, ameambiwa neno la Kiswahili na hakulielewa. Upande wa pili Pasikali alicheka mpaka akapaliwa na wali. Akasema kwa sababu ya namna hiyo anageuza, na bosi akimuuliza atamsimulia mwenyewe, na bosi atalipa mafuta kwa raha zake. Waonane jioni.

Mwanaheri akashuka kichuguu polepole. Walibaki na mchana mzima wa kusubiri, na kulikuwa na viroba vya kuongezea kamba. Akavua viatu, akashika kamba, akafunga pamoja na wale wanawake. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Apoline hakuwa na habari yoyote, alikuwa anacheka na kuimba, na kitu ambacho mtu hakijui hakimuumi. Lakini kilikuwa kinamuuma Mwanaheri. Kila mara Apoline aliposema asante kwa ile sauti, kilimchoma upya, maana alikumbuka alivyoirekodi.

"Apoline, mwanangu, nisikilize," alisema mwishowe. "Lile neno langu halikuwa la kukupa nguvu. Lilikuwa la hasira. Wiki nzima nilikuwa na hasira na wewe. Nilidhani umeniuza."

Apoline aliacha kamba. Akamtazama mama yule tangu ushungi mpaka miguu iliyojaa vumbi, taratibu, kama mtu anayekadiria kitu sokoni, na uso wake ukajaa mshangao wa kweli.

"Miye nikuuze weye, Mama?" aliuliza. "Feza ya kukuuza nitaitoa wapi? Uko beyi sana."

Mwanaheri alicheka mpaka akakaa chini juu ya viroba, na wanawake wakacheka kwa kumwona anacheka. Katika maisha yake amesifiwa mengi, kwa upishi, kwa usafi, kwa lugha. Ghali hajawahi kuitwa na mtu, na aliyemwita hivyo siku ile alikuwa ameuza kitenge chake cha Noeli kwa ajili ya tusi lake.