Kutasa Hakurudiwi

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki uani kwangu, Makwasinyi, kijana mmoja wa watu wa filamu akinipaka poda usoni. Tangu nizaliwe sijawahi kupakwa poda, hata siku ya harusi yangu. Hapo ndipo mjukuu wangu alipokuja mbio, simu mkononi.

"Babu, baba amefika Maungu."

"Maungu anafanya nini? Leo si siku ya kazi?"

"Anakuja huku. Ameona picha."

Yule kijana wa poda akaacha kupaka. Shavu moja lilikuwa tayari, la pili bado, na hivyo ndivyo nilivyobaki mpaka mwisho wa mambo haya.

Picha yenyewe ilikuwa hivi. Mmoja wa vijana wa filamu aliiweka kwenye status yake: mjukuu wangu na mvulana wamekaa juu ya jiwe, mkono wa huyu ndani ya mkono wa yule, mlima Kasigau nyuma yao na ukungu wake. Picha nzuri, nisidanganye. Mtu wa kanisa lao kule Voi akaiona, akamtumia mwanangu. Na mwanangu ni mzee wa kanisa. Na binti yake alikuwa amemwambia hiyo filamu ni ya ndovu.

Mimi sikuulizwa. Ningeulizwa ningesema ndovu wamo, kwa sababu kuna mahali mvulana anasema shamba la mjomba wake limeliwa na ndovu. Lakini filamu ni ya mapenzi, mapenzi ya watoto wawili wasiofanana hata kidogo. Msichana ni wa mlimani, yuko kwenye kwaya, namba moja darasani, maneno hutoka kwake kama maji ya mfereji wakati wa kiangazi. Mvulana ni wa bodaboda pale Voi, ameacha shule, shingoni ana cheni, akiona watu wamekusanyika lazima acheze. Wanakutana, wanachukiana, halafu hawachukiani tena. Babu wa msichana anakataa. Babu ndiye mimi.

Sasa kichekesho ni kwamba wenyewe walikuwa kinyume. Mjukuu wangu huongea mpaka kuku wanaondoka. Na yule mvulana, mtoto wa mwalimu, alikuwa mpole, anaogopa mbuzi, na pikipiki hajui. Siku ya kupiga ile sehemu ya pikipiki ilibidi jirani yangu aisukume kwa nyuma injini ikiwa imezimwa, yule mtoto amekaa juu amekaza meno. Wakaniambia mngurumo utatiwa baadaye, kama chumvi. Nikasema haya, dunia imefika mbali.

Lakini nilikuwa kwa mwanangu. Nirudi.

Msimwone mwanangu mtu mbaya. Mkewe alifariki binti akiwa mdogo, akamlea peke yake katika vyumba viwili pale Voi. Alimsuka nywele kwa mikono yake mwenyewe, vibaya, mistari imepinda kama barabara ya kupanda Wundanyi, mpaka majirani wakamwonea huruma wakachukua kazi hiyo. Binti alipomaliza kidato cha nne akamleta kwangu angoje nafasi ya chuo. Alitaka awe mbali na vijana wa Voi. Wiki chache baadaye vijana wa Voi wakaja na kamera mpaka kwangu, wakiuliza kama kuna mzee ambaye haogopi kuongea. Wakamwona na mjukuu.

Kutoka Maungu mpaka kwetu ni njia ya vumbi, kwa gari zima kama saa moja. Mwenye hasira hufika mapema.

Aliyekuwa akiongoza filamu ni binti wa watu wa bara. Wazazi wake walifungua duka la vipuri Voi kabla hajazaliwa, kwa hiyo yeye ni wa Voi kabisa, lakini mimi aliniita Guka, yaani babu, kama wanavyoita kwao. Akanijia, kofia nyuma ya kichwa.

"Guka, zimebaki sehemu mbili tu. Ile ya baraka na ile ya maji. Tukikosa hizo hatuna filamu, yaani kazi yote tunaitupa. Tuanze na ya baraka, baba yake akifika tumemaliza."

"Na kama hatujamaliza?"

"Atamchukua?"

"Atamchukua."

Mjukuu wangu alikuwa amesimama hapo. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, maneno yake yalihesabika. Akasema tu, "Babu, mimi nataka kumaliza. Sijawahi kumaliza kitu changu mwenyewe. Shule ilikuwa ya baba." Akaenda kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawa anatazama njia.

Sasa hiyo ya baraka. Katika filamu, babu anayemkataa mvulana anageuka moyo, anawatasia watoto. Sisi Wadawida, ndio Wataita, tuna jambo hili la kutasa, na wasiotujua hudhani ni kutema mate. Unachukua kinywaji mdomoni, zamani pombe ya miwa, siku hizi hata maji, unakirusha nje kwa manyunyu, kama mvua ndogo, na kila ukirusha unasema. Unasema kilicho moyoni. Kwa sababu hasira ya mtu mzima ikikaa ndani bila kusemwa, humfuata mtoto wake. Mtoto haendi mbele. Anafeli, anaugua, anaachwa na gari. Sasa unaitoa pamoja na maji, Mungu anasikia, inaisha. Mimi nimebatizwa na kanisani naenda, na sijaona mahali hayo mawili yanapopigana. Mwanangu anaona.

Yule binti alitaka nitumie soda nyekundu, eti inang'aa kwenye kamera. Nikakataa. Akakubali maji. Kisha akasema, "Guka, tutarudia kama mara nne hivi, usichoke."

"Kutasa hakurudiwi."

"Ni kuigiza tu, Guka."

"Mengine yote nitaigiza. Nimemfukuza huyu mtoto kwa fimbo kutwa nzima jana, mpaka mkono ukauma, kwa sababu ulisema jua halikukaa vizuri. Lakini nikiweka maji mdomoni, nitakachosema kitakuwa kweli. Mara moja."

Akanitazama. Nadhani alihesabu kichwani mwake kati ya ubishi wangu na gari lililokuwa njiani. "Sawa. Mara moja. Lakini usiangalie kamera."

Wakapanga. Watu wa filamu wana kupanga kusikoisha: sogeza kiti, toa yule kuku, rudisha yule kuku. Mvulana akavaa cheni yake. Mjukuu akasimama kando yake. Nami nikapewa kibuyu. Taa nyekundu ndogo ikawaka kwenye kamera, na hapo hapo tukasikia gari.

Halikupiga honi. Liliingia polepole, likasimama nje ya ua wa minyaa, na mlango ukafungwa taratibu. Hiyo ndiyo hasira ya mwanangu. Wengine hupiga milango. Yeye, akikasirika, huwa na adabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu."

"Asante." Akatazama lile shavu langu lenye poda. Kisha kwa binti yake, sauti ya chini: "Chukua begi."

"Baba, zimebaki mbili tu."

"Chukua begi lako, twende."

"Mzee, tafadhali," akaanza yule binti wa kofia.

"Wewe sijakuuliza." Akamgeukia mvulana, akamwangalia kuanzia viatu mpaka cheni. "Ndiye huyu?"

Mvulana akaifunika cheni kwa kiganja. "Shikamoo, mzee. Ndiye mimi. Lakini si mimi. Yaani, cheni si yangu."

"Na mkono?"

"Mkono... mkono ni wangu."

Jirani yangu, yule wa kusukuma pikipiki, akacheka kwa pua kisha akajifanya anakohoa. Mwanangu hakucheka. Akamwambia binti yake tena, mara hii kwa Kidawida, "Ulinidanganya. Twende."

Mjukuu akawa ametazama chini. Nikamjua: alikuwa akielekea kuchukua begi. Na nikaona mbele, wazi kabisa, jinsi ambavyo ingekuwa. Wangekwenda mpaka Voi bila neno. Angeenda chuo bila neno. Mwanangu angelipa kila kitu, angemnunulia godoro na sanduku, na hasira ingekuwa imekaa kati yao kama mgeni asiyeaga. Nayajua haya kwa sababu ndivyo tulivyo, mimi na yeye. Hatujawahi kugombana. Hatujawahi pia kuongea.

Kibuyu kilikuwa mkononi mwangu. Nikainuka. Nikachukua maji mdomoni.

Mwanangu akaona. "Baba, usifanye hivyo. Hayo mambo tuliacha."

Nikarusha. Maji yakaenda hewani, mengine yakamfikia viatuni. Nikasema kwa Kidawida. Nawaandikia kwa Kiswahili ili msipotee.

"Nina hasira na mwanangu. Hasira itoke."

Nikachukua tena, nikarusha.

"Anapita Maungu kila wiki akienda Mombasa kwa kazi yake, hakunji kona kuja kwangu. Leo amekunja kwa ajili ya picha. Hasira itoke."

Nikarusha tena. Maji mengine yalinimwagikia shati.

"Aliniletea mtoto nimchunge kama mbuzi, hakuniuliza mtoto mwenyewe ni mtu gani. Nimemjua mwenyewe. Ni mtu. Hasira itoke, isimfuate huyu mtoto, wala yule mwenye cheni, ambaye hana kosa na anaogopa mbuzi."

Watu wa filamu hawakuelewa hata neno moja. Walidhani naigiza, na yule binti wa kofia alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, macho yamejaa. Kamera ilikuwa bado inawaka. Mjukuu alielewa. Na mwanangu alielewa kuliko wote.

Nikamnyooshea kibuyu.

Hakukipokea. Alitazama kibuyu, akatazama gari. Kuku yule yule waliyemtoa na kumrudisha akapita katikati yetu. Nikafikiri, mkono wangu utachoka kabla yake. Ulianza kuchoka kweli. Kibuyu kikaanza kucheza, na nadhani ni hapo, kwa kuona mkono wa mzee unatetemeka, alipokipokea, si kwa imani.

Akachukua maji mdomoni. Akasimama nayo.

Hamjui muda unavyokuwa mrefu mtu akisimama na maji mdomoni. Nilivyofundishwa mimi, ukiyameza, umeirudisha hasira ndani, na ikirudi haitoki tena kwa urahisi. Nilitazama koo lake tu. Mashavu yalikuwa yamejaa, kama alivyokuwa mtoto akikataa dawa. Mjukuu wangu akasogea hatua, akasimama. Hata yule wa kamera, ambaye hakujua kinachongojwa, aliacha kutafuna chingamu.

Koo likapanda.

Kisha akageuza uso upande wa mlima, akarusha. Alirusha vibaya, maji yakamrudia kidevuni, kama mtu ambaye hajafanya hivyo tangu ujana wake. Akajifuta kwa mkono wa shati la kazi.

"Hasira itoke," akasema kwa Kidawida, akimtazama binti yake. "Woga umebaki. Huo siwezi kuutoa kwa maji."

"Sawa, baba," akasema mjukuu. "Baki nao. Lakini nimalize."

Hapakuwa na kukumbatiana, sisi si watu hao. Mwanangu akavuta kile kiti cha plastiki, akakaa kama mtu aliyeshushwa mzigo bila kutaka. Akamwita yule binti wa kofia.

"Hiyo nyingine ni ya nini?"

"Ya maji, mzee. Wanatoka mferejini pamoja, wameshikana mikono."

"Mkono hapana."

"Mzee, ndiyo mwisho wa filamu."

"Mkono hapana."

Yule binti akazunguka, akazungumza na mwenye kamera, wakanong'ona, wakatazama jua. Kisha akarudi. "Na wakibeba ndoo moja? Yeye upande huu, yule upande ule?"

Mwanangu akafikiri. Ndoo hakuweza kuikataa. "Ndoo sawa."

Yeye hakujua, au alijua, kwamba mshikio wa ndoo ni mfupi. Wakajaza mferejini, wakainua, na vidole vyao vilikuwa vimebanana pale pale, viwili vitatu juu ya vingine, hakuna nafasi ya hata karatasi. Nilimwona mwanangu akiona. Akasogeza mguu kama anayetaka kuinuka. Hakuinuka. Watoto wakaja, mmoja mrefu mmoja mfupi, ndoo imelala upande, mjukuu akijitahidi kunyamaza kama alivyotakiwa na yule mvulana akijitahidi kutembea kama mtu mbaya. Wakafika karibu na banda, mbuzi wangu akatoa kichwa, mvulana akaruka, ndoo yote ikamwagika miguuni mwao.

"Kata!" akapiga kelele yule binti wa kofia. Akashika kichwa. "Jua linaenda. Turudie haraka, jamani, nani anajaza ndoo?"

Vijana wakatazamana, kila mmoja ana waya au mwavuli mkononi. Mimi nikaanza kuinuka.

"Kaa, baba," akasema mwanangu.

Akakunja suruali yake ya ofisi, akaokota ndoo kutoka kwenye matope, akaenda nayo mferejini.