Majibu ya Mdogo Wangu

Mwalimu aliyekaa na watoto viziwi katika shule yetu ya msingi, pale Kirumba, alifariki kwa homa, na mumewe akakataa matanga yaanuliwe kwa karamu. Mume huyo alikuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba, mtu wa maneno machache. Aliwaambia waombolezaji kwamba michango ya mchele na nyama itunzwe, impeleke mtu mmoja mafunzoni akajifunze lugha ya alama, kisha arudi kukaa mahali pa marehemu. Uwe ufadhili wa kumkumbuka mke wake. Ndugu waliovuka kwa kivuko kutoka Sengerema wakitegemea kula walinuna waziwazi. Mimi nilifurahi, na sioni haya kusema hivyo, kwa kuwa haikupita wiki kabla sijaanza kukikalia kiti chake.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kukosa nafasi ya sekondari. Mdogo wangu, aliyezibwa masikio na surua akiwa na miaka mitatu, alikuwa darasa la nne. Mwalimu mkuu aliniruhusu niketi darasani mbele ya mdogo wangu, nimpe kwa mikono yanayosemwa, naye akijibu nimtolee kwa sauti. Alama nyingine alitufundisha marehemu, nyingine tulizitunga wenyewe nyumbani. Siku za kwanza nilitoa kila kitu kama kilivyo. Kisha siku moja alikosea hesabu, darasa zima likacheka, nami nikauona uso wake. Tangu siku hiyo nikawa nayapiga pasi majibu yake, nikinyoosha alipokosea, kabla ya kuyatoa.

Alisifiwa mno. Mitihani ya kuandika alianguka, lakini walimu walisema ni sababu ya uziwi, wakamhurumia. Mama, aliyekuwa akiuza ndizi sokoni Mwaloni, aliwatangazia wateja kwamba bintiye ana akili kuwashinda wenye masikio. Nami nilimwacha aamini hivyo. Kusema kweli nilianza kujiona mwalimu.

Usaili wa ule ufadhili ulifanyika mwaka uliofuata, Jumamosi asubuhi, darasani. Tulioomba tulikuwa wawili: mimi, na mwanamke mmoja wa Magu aliyelelewa na wazazi viziwi. Walioketi mezani ni mwalimu mkuu, mwenyekiti wa tawi la chama, na yule mgane. Mdogo wangu aliitwa awe mwanafunzi wangu.

Nilisalimu. "Shikamooni."

"Marahaba," alisema mwenyekiti. "Haya, muulize mtoto: ili tuendelee tunahitaji vitu gani vinne?"

Swali lile kila mtoto wa shule alilikariri. Nikamuuliza. Mdogo wangu alijibu bila wasiwasi: watu, ardhi, sukari, viongozi wazuri.

Mwaka ule sukari ilikuwa haionekani, na kila ilipoletwa kwenye duka la ushirika yeye ndiye aliyetumwa kupanga foleni. Nilielewa kabisa kwa nini aliiona kuwa muhimu. Lakini mbele ya mwenyekiti wa chama?

"Watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora," nilisema, mkavu.

Mwenyekiti alipiga meza kwa furaha. "Safi sana! Mtoto anajua huyu."

Mgane alimgeukia mdogo wangu, akaanza kuzungumza naye kwa mikono. Sikujua kwamba anaweza. Kumbe mkewe alimfundisha. Alimwomba arudie jibu, naye akarudia. Kisha akamwambia, polepole, yale niliyoyasema mimi.

"Mtoto amesema sukari," alitutangazia.

Mwalimu mkuu alikohoa. Mwenyekiti alicheka hadi akafuta machozi. "Sasa kakosea wapi, ndugu karani? Hata kwangu hamna!"

Kwa hiyo hata hofu yangu ilikuwa ya bure.

"Nilikuwa namsaidia, mzee," nilimwambia mgane.

"Najua, binti. Lakini mwalimu atamfundishaje, kama hajui mtoto amekosea wapi?" Hakuwa na hasira. "Mke wangu alikuwa anayatoa kwa sauti makosa yao yote, hata yakimwuma."

Nafasi akapewa yule wa Magu, na aliistahili. Nilimchukia mgane kama wiki mbili hivi, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujichukia mimi.

Lakini siku ile ile, tukirudi nyumbani, mdogo wangu alitangulia, hakugeuka hata mara moja. Kiziwi akikupa kisogo umekwisha, huna pa kumwitia. Nilimfuata hadi uani. Aliingia ndani akatoka na penseli nyekundu, haijachongwa. Nilikuwa nimeisahau. Alipewa na mwalimu wa jiografia mbele ya darasa, siku alipoeleza kwa nini mvua hunyesha zaidi Bukoba kuliko Magu, na wanafunzi wote wakanyanyua mikono na kuipunga hewani, ndiyo makofi ya kiziwi.

Aliishika mbele ya macho yangu. Kwa mkono mwingine akauliza: jibu lile lilikuwa langu, au lako?

Nilijaribu kukumbuka. Nilijaribu kweli, nimesimama pale uani naye akinitazama mikono, akingoja. Nilikuwa nimesahihisha mengi mno. Sikujua.