Udongo Usioonja Mvua

Saa mbili asubuhi, Bi Shaba ameketi kwenye kigoda chake katika ghala la nyumba ya mnada, sinia la shaba mapajani. Anachovya kitambaa kwenye jivu lililochanganywa na ndimu, anasugua, anapuliza, anasugua tena. Tausi waliochorwa ukingoni wanajitokeza mmoja mmoja.

Mbele yake kuna vyombo sitini na vinne vya zamani kutoka India: masinia, vinara, mabirika. Vyote vitapigwa mnada Alhamisi. Kimoja kimefunikwa gazeti, na yeye hataki hata kukitazama.

"Hicho ndicho kilichonitia kitanzini," ananiambia.

Jina la Bi Shaba alipewa na wachukuzi wa ghala, likamganda kuliko lile la wazazi wake. Ameifanya kazi hii miaka ishirini na saba, tangu mumewe, aliyekuwa msafishaji hapa miaka kumi na mitatu kabla yake, alipozidiwa na kikohozi akamwachia kigoda. Kabla ya kufariki alimfunza mengi, na moja alilirudia kila siku: "Mke wangu, cheusi usikiguse."

Alimaanisha mabirika ya zinki yenye nakshi za fedha. Weusi wake si uchafu. Fundi aliutia makusudi ili nakshi zionekane. Ukiusugua, umekiua chombo.

Wiki tatu zilizopita, birika la aina hiyo liliingia limechanganyika na vyombo vya shaba, limeganda masizi na mafuta. Jicho la kulia la Bi Shaba lina mtoto wa jicho, na la kushoto linaelekea huko huko. Akasugua. Nakshi zilipotokeza alifurahi, akakaza mkono. Alipolipeleka dirishani, birika lilikuwa la kijivu kama bati.

"Nililia, mwanangu. Nimekitia mchanga kitumbua changu kwa mkono wangu mwenyewe."

Dalali hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alimwambia, "Mama, weusi urudi kabla ya Alhamisi. La sivyo, utafute kazi nyingine." Mjane wa miaka hamsini na tisa, jicho moja na nusu, atafute kazi nyingine! Ni rahisi kusema ukiwa na macho mawili.

Dawa ipo, na mumewe aliitaja. Birika hupashwa moto, likapakwa uji wa shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti, na udongo uliokaa ndani ya jengo miaka mingi bila kuguswa na jua wala mvua. Zinki hurudi nyeusi, fedha ikabaki nyeupe. Udongo wa njiani haufai.

Bi Shaba akachimba chini ya kitanda chake, akajaribu kwenye mfuniko mbovu wa zinki. Ukatoka madoa. Akachimba nyuma ya kabati. Madoa yale yale. Alipoanza kuchimba chumbani kwa binti yake, binti akamshika mkono.

"Mama, unatafuta nini? Humu ndani mvua si tunaoga nayo?"

Anacheka akisimulia, kisha kicheko kinakatika. Paa hilo linalovuja mumewe aliahidi kuliezeka mwaka ule ule aliofariki. Linahitaji mabati ishirini. Mshahara wa mwezi, akishakula, haununui hata mawili.

"Miaka yote hii nilidhani nina nyumba," anasema. "Kumbe hata konzi moja ya udongo mkavu sina."

Ghala hili, lakini, halivuji. Mali za watu hazinyeshewi. Mara mbili ameomba ruhusa ya kung'oa kigae kimoja, na mara mbili dalali amekataa: sakafu isiguswe.

Leo ni Jumanne. Bi Shaba anasogeza kigoda pembeni. Chini yake kigae kimelegea, kimeliwa na miguu ya kigoda.

"Kesho wachukuzi wakienda kula mchana, nakiinua. Nikifukuzwa kwa sakafu au kwa birika, kufukuzwa ni kule kule."

Anainama, anakigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza.

"Huu mkavu," anasema. "Mimi na mume wangu tumeukalia miaka arobaini."