Kaktasi yenye majani niliyoiokoa Nsambya, majirani wakinicheka

"Kijana amezunguka dunia, amerudi kulima miiba. Hata mmoja hautaota."

Hayo ni maneno ya majirani zangu hapa Nsambya, Kampala. Wakuu, hamjambo? Haya yamenipata mwenyewe, na anayebisha aje nimwonyeshe maua.

Nina diploma ya bustani, na miaka yangu ya kyeyo, yaani vibarua vya ughaibuni, kule Dubai niliitumia kwenye kitalu cha mimea ya jangwani. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nasema wazi.

Niliporudi, nilikuta kichaka cha uzio karibu na nyumba za polisi. Kina majani, maua ya pinki kama waridi, na miiba inayotoboa kandambili. Kila mtu alikiona kama mti tu.

Mimi nikashika kichwa. Cactus, ile aina yenye majani!

Kwao Amerika ya Kusini misitu yake inakatwa, imebaki michache. Hapa mjini sijawahi kuona kingine.

Wiki ileile mafundi wakaja kujenga ukuta. Niliomba, nikapewa matawi. Shina likang'olewa, likachomwa.

Sasa elewa kitu. Kampala ukichomeka fimbo mbichi udongoni, inaota. Lakini tawi la cactus likipandwa na kidonda kibichi, linaoza. Lazima lilale kivulini mpaka likauke.

Mama Akello, mke wa afande mmoja wa zile nyumba za polisi, aliniazima mabeseni ya kuwekea matawi. Hajji, mzee wa Kinubi, akaniazima baraza lake lenye kivuli.

"Ssebo, bwana, panda leo! Yanakufa haya," Mama Akello akasema.

"Bado, mama."

Hajji akacheka. "Waache, wamefunga Ramadhani."

Nilijibu kwa kifua, lakini moyoni sikutulia. Nikienda sokoni Nakivubo kutafuta mchanga, narudi kabla sijanunua. Nageuza tawi, narudisha, nageuza tena. Majani yote yakaanguka.

Siku moja nikakuta nusu ya matawi hayapo.

"Nimekusaidia, mwanangu," Mama Akello akaniambia. "Nimepanda, nimemwagilia vizuri. Wewe una mawazo mengi."

Ungemfokea mama wa watu kwa huruma yake? Yale yakaoza, yakawa laini kama ndizi za matooke zilizopikwa.

Yaliyobaki niliyapanda yalipokauka, kwenye mchanga na vipande vya makaa. Nikaanza kusubiri upya, na usingizi hamna.

Asubuhi moja nikaona kijani kwenye kifundo cha tawi. Nilipiga kelele mpaka afande akatoka na kanzu ya kulalia. Mvua zilizofuata, maua!

Ndipo nikarudisha vya watu. Mabeseni nikayaosha, baraza nikalifagia, na kila aliyeniazima nikampa mche wenye mizizi.

"Ikichoma wajukuu wangu, nakuita wewe," Hajji akasema, huku tayari anachimba shimo getini.

Somo langu: kitu adimu usikiweke kwenye ua wa nyumba moja. Sasa kaktasi iko kwa Hajji, kwa Mama Akello na kwangu. Mmoja akijenga ukuta, bado ipo.

Mwenye kichaka cha miiba cha wazee nyumbani, tupia picha hapa kabla hujaita fundi.